Sifa za Sebahire Zilizopimwa kwa Kamba

Hii ninayoandika hakuna mutu atakayeiamini, na nimeshazoea. Watu wa Goma wanakubali kwamba moto unaweza kutoka kwenye mulima ukashuka hadi ziwani, maana wazazi wao waliona. Lakini ukiwaambia kwamba muzungu mumoja alizunguka muji muzima na kamba mukononi, akipima majivuno ya mutu mumoja, musitari kwa musitari, wanakuangalia kama umetoka kunywa. Basi wasiamini. Kuta ziko palepale kando ya ziwa, hazina haraka na mutu.

Mwenye majivuno anaitwa Sebahire. Alishuka kutoka milima ya Masisi mwanzoni mwa miaka ya hamsini, akiwa na fimbo ya kuchungia ngombe na koti lililokuwa la baba yake, mikono yake mirefu kuliko ya koti. Ngombe aliwajua kwa majina, kwa mama zao na kwa bibi zao. Jiwe alilijua kama kitu cha kumtupia mbwa. Goma ya wakati ule ilikuwa inajengwa kila upande: wazungu walitaka nyumba zinazotazama ziwa, na nyumba hizo walizitaka za mawe meusi yale yale ambayo mulima uliyatapika. Malori yalikuwa yanayaleta kutoka upande wa Munigi, yanayamwaga kwenye shantie, mahali pa ujenzi, na vijana kama Sebahire wanayabeba mugongoni. Jiwe la lava lina meno. Ukilibeba asubuhi, jioni shati lako linafanana na chujio, na ngozi iliyo chini ya shati vilevile.

Alibeba, kisha akafundishwa kuvunja, kisha kuchonga, kisha akapewa mwiko. Haya yote yalimuchukua miaka, na hakuna aliyeyaandika popote, isipokuwa yeye mwenyewe, na yeye aliandika kwa mudomo.

Hapo inabidi nieleze kidogo, kwa ajili ya nyinyi watoto wa shule munaofikiri kwamba kitu kisicho kwenye karatasi hakikutokea. Kwao Sebahire, mwanaume hangoji kusifiwa. Anasimama mbele ya watu, anashika fimbo, anajisifu mwenyewe kwa pumzi moja mpaka mishipa ya shingo inatoka. Wanaita icyivugo. Babu zao walitaja vita. Baba zao, ambao vita viliwakosa, walitaja ngombe. Sebahire vita hakuviona na ngombe aliwaacha nyumbani. Alichokuwa nacho ni mawe. Akaweka mawe. Kila alipopanda ngazi moja kazini, aliongeza kipande, na kila Siku ya Mungu baada ya misa, nyuma ya kambi ya wafanyakazi, upande ambao leo wanaita Mabanga, alipanda juu ya rundo la changarawe akakitoa chote, tangu mwanzo:

"Mimi Mugongo-usioinama, niliyehamisha kilima cha Munigi nikakilaza kando ya ziwa! Mimi Mupasua-giza, jiwe jeusi likiniona linajifungua lenyewe! Niliyesimamisha pembe ya posta, upepo wa ziwa ukaja ukaomba njia! Niliyemujengea daktari jiko la kuotea moto, moshi ukapanda mpaka malaika wakakohoa!"

Wenzake walikaa chini na kibuyu cha kasikisi, pombe ya ndizi, wakiitikia. Wa kwanza kuitikia alikuwa siku zote Munyakazi, fundi mwenzake waliyeshuka naye kutoka Masisi, kijana mupole ambaye kuta zake zilikuwa na tabia ya kulala kidogo upande wa kushoto. Kuitikia ni kazi pia. Anayeitikia anasema: nilikuwepo, niliona. Ndiyo sahihi na muhuri wa kwao.

Sasa, serikali nayo ilikuwa na namna yake. Kila mufanyakazi alikuwa na buku ya kazi. Ukimaliza kazi kwa bwana fulani, unamupelekea buku, anaandika: alifanya hiki na hiki, ni hodari, ni muvivu, anaiba sukari. Buku ya Sebahire ilikuwa na musitari mumoja tu, wa bwana wa kwanza kabisa: mubeba mawe, ana nguvu. Miaka yote iliyofuata, hakuipeleka tena popote. Siyo kwamba alisahau. Alikuwa anaona haya.

Cyprien, karani wa shantie, mutoto wa misioni kutoka Rutshuru, alimufuata mara nyingi juu ya jambo hilo. Cyprien alivaa tai hata siku ya kumwaga simenti. Vyeti vyake alivitunza kwenye kopo la biskuti, kimoja juu ya kingine, tangu cha katekisimu, na akikutembelea alikuja nalo. Alimwambia Sebahire kwamba maneno ya juu ya changarawe yanaishia kwenye changarawe, na kwamba mutu mwenye akili anapeleka buku yake iandikwe.

"Niende kwa muzungu nimwambie aniandike kwamba mimi ni hodari?" Sebahire alimujibu. "Hiyo ni kuomba-omba, Cyprien. Kusifiwa na mudomo wa mwingine ni kwa mutu aliyekwisha kufa."

"Na kapita wa kusimamia mafundi atachaguliwa namna gani siku moja? Kwa kelele?"

"Kwa kelele za watu walioona."

Cyprien alicheka mpaka akalegeza tai. Tunajua wote wawili walikuwa na haki yao, lakini siku ile kila mumoja alirudi kwake akiamini kwamba mwenzake ni mushamba.

Jambo la kapita halikuwa muchezo kwa Sebahire. Alikuwa ameoa. Muke wake, Nyirarukundo, alibaki Masisi kwa baba yake, pamoja na mutoto wa kike ambaye Sebahire alimwona wakati wa likizo tu, na kila likizo mutoto alilia akimwona kama vile ameona polisi. Fundi wa kawaida alilala kwenye baraka, bweni la wanaume pale kambini, kitanda kwa kitanda. Kapita alipewa nyumba: vyumba viwili, mulango wenye kufuli, na jiko nyuma. Muzee Sibomana, baba mukwe, alikuwa ametuma neno kwamba binti yake hawezi kushuka Goma kulala kati ya soksi za wanaume. Ama nyumba ipatikane kabla ya maharagwe kuvunwa, ama Sebahire aache mawe, apande milimani, achunge ngombe za baba mukwe kama mukwe asiye na kwake. Nyirarukundo mwenyewe aliongeza maneno yake, kwa mudomo wa yule yule aliyeleta habari: kwamba yeye hana shida na soksi, ana shida na mume ambaye mutoto wake hamujui.

Maharagwe yalikuwa yameanza kutoa maua wakati kapita wa mawe alipopata ugonjwa wa kifua akarudi kwao.

Mwenye shantie alikuwa Mubelji mumoja mwembamba ambaye wafanyakazi walimwita Bwana Kamba. Jina lake la kizungu halina faida hapa. Walimwita hivyo sababu hakuwahi kuonekana bila kamba ya kunyooshea kuta, imezungushwa mukononi kama rozari. Hakupiga mutu, hakutukana, hakucheka. Alivuta kamba yake, akatazama, na kama jiwe limetoka nje kidogo, alilionyesha kwa kidole na kwenda zake. Mafundi wengi walisema wangependa afadhali atukane.

Siku hizo alikuwa ameanza nyumba kubwa ya wageni kando ya ziwa, na kapita alimuhitaji upesi. Akatoa tangazo: fundi anayetaka ukapita aje ofisini na buku yake.

Walikwenda wanne. Watatu wa kwanza walitoka wakiwa na nyuso za watu waliosomewa mambo mazuri. Sebahire aliingia wa mwisho, buku mukononi, na Bwana Kamba akaifungua. Akasoma ule musitari mumoja. Akageuza ukurasa. Ukurasa mweupe. Akageuza mwingine, akaitikisa kidogo buku, labda kuna kitu kitadondoka. Kisha akauliza kwa kinywa cha Cyprien, aliyekuwa amekaa pembeni kwa kutafsiri, kama miaka yote hiyo huyu mutu alikuwa amelala.

Sebahire aliangalia zile kurasa nyeupe, na kwa mara ya kwanza aliziona kama muzungu anavyoziona. Alifikiria vyumba viwili na mulango wenye kufuli. Angeweza kuomba msamaha. Angeweza kusema mvua iliharibu buku ya kwanza, kama wengine walivyosema. Badala yake aliona mutarimbo umesimama kwenye kona ya ofisi, chuma cha kuvunjia mawe, kirefu kupita mutu. Akaenda akaushika.

Bwana Kamba alisogeza kiti nyuma.

"Mwambie asiogope," Sebahire alisema. "Ananiuliza kazi yangu. Namujibu."

Na akajibu. Alipiga mutarimbo chini, akavuta pumzi, akatoa icyivugo chote, kuanzia Mugongo-usioinama. Vioo vya madirisha vilitetemeka. Nje, watu waliokuwa wanachanganya simenti waliacha makoleo. Munyakazi, aliyekuwa anapita na karai kichwani, alisikia sauti ya rafiki yake na bila kufikiri akaitikia kutoka uwanjani, kama vile ni Siku ya Mungu. Na kwa sababu Sebahire alikuwa na moto, na kwa sababu maharagwe yalikuwa na maua, alifika mwisho akaongeza kipande ambacho hakikuwepo hata Siku ya Mungu:

"Niliyejenga ukuta wa ziwa peke yangu, kwa siku moja, wenzangu wamelala! Maji yakaja, yakanisalimia, yakarudi!"

Kisha akarudisha mutarimbo kwenye kona yake, polepole, na akabaki amesimama.

Cyprien alitafsiri. Na hapo ndipo ninapomulaumu Cyprien, ingawa ni mutu ninayemuheshimu kwa ajili ya kopo lake. Angeweza kusema kwa kifupi: huyu alifanya kazi kwenye posta, kwa daktari, na kwenye ukuta wa ziwa. Lakini alikuwa amefundishwa na mapadri kwamba kutafsiri ni kutoacha kitu. Akatafsiri kilima, akatafsiri upepo, akatafsiri malaika na kikohozi chao. Bwana Kamba alisikiliza yote bila kusogeza hata nyusi. Mwishoni aliagiza kitu kimoja: Cyprien aandike kila neno, na kesho asubuhi watakwenda kuangalia.

Usiku ule Sebahire hakuwa na usingizi, na sitaeleza zaidi. Kila mutu amewahi kulala hivyo.

Kesho yake wakapanda kamioneti: Bwana Kamba kwenye usukani, Cyprien pembeni na karatasi zake, Sebahire na Munyakazi nyuma. Munyakazi aliitwa kama shahidi, sababu Sebahire alimutaja, na alikuwa amevaa shati la misa. Njiani alimwambia rafiki yake asiwe na wasiwasi, ataitikia kila kitu.

"Ndicho ninachoogopa," Sebahire alisema.

Walianza na posta. Cyprien alisoma: upepo ukaja ukaomba njia. Bwana Kamba alishuka, akavuta kamba kutoka juu ya pembe hadi chini, akaiacha ining'inie. Akazunguka. Akavuta tena. Akamwambia Cyprien aandike: pembe, imenyooka. Habari ya upepo hakuiuliza.

Kwa daktari walimukuta mama mwenye nyumba, aliyeshangaa kuona watu wanne wamekuja kuuliza kama jiko lake linavuta moshi vizuri. Aliwasha moto. Moshi ulipanda. Bwana Kamba alitoka nje, akautazama ukitoka juu, akangoja kidogo. Cyprien aliuliza kama aandike malaika. Aliambiwa aandike: linavuta.

Muzungu alikuwa anafuata sifa za Sebahire kama polisi anavyofuata nyayo, na kila alipofika alikuta kitu kimesimama. Kwenye kamioneti Sebahire alianza kukaa vizuri. Kufika njia ya ziwa, alikuwa amefungua vifungo vya koti. Munyakazi alianza kuimba. Kisha ukuta wa ziwa ukaonekana, na vifungo vikarudi.

Ulikuwa ukuta murefu wa kuzuia maji, chini ya bustani ya nyumba moja ya wazungu. Cyprien alisoma: peke yangu, kwa siku moja, wenzangu wamelala. Bwana Kamba alimutazama Munyakazi.

"Ni kweli kabisa, Bwana," Munyakazi alisema, na shingo ikasimama. "Mimi mwenyewe nilikuwa mumoja wa wale waliolala."

Muzungu alianza kutembea kando ya ukuta, kidole kikipita kwenye viungo, kati ya jiwe na jiwe. Alitembea polepole. Katikati akasimama. Akarudi nyuma hatua kidogo, akavuta kamba. Upande huu mawe yalikaa kama meno ya kijana. Upande ule, kuanzia mahali pamoja pa wazi kabisa, mawe yalianza kulala kushoto, kidogo tu, kama watu wanaosikiliza siri. Hata Cyprien, ambaye hakuwahi kushika jiwe, aliona. Mikono miwili ilijenga ukuta ule, na mikono hiyo haikuwa ndugu.

Bwana Kamba aliweka kidole pale mikono ilipokutana, akauliza, na Cyprien akatafsiri kwa sauti ndogo kuliko siku zote. Huu upande mwingine ni wa nani?

Hapo Sebahire alikuwa amebanwa. Akisema wote ni wake, basi upande unaolala ni wake pia, na kapita anayelaza ukuta hatafutwi na mutu. Akisema siyo wake, amekuwa muongo mbele ya karatasi, na zaidi ya hapo anamuvua nguo shahidi wake, aliyevaa shati la misa kwa ajili yake. Kwao, kumwacha aliyekuitikia ni aibu ambayo inakufuata hadi kwenye harusi za wajukuu. Munyakazi alikuwa anamutazama. Munyakazi alikuwa tayari kuitikia tena, chochote. Ziwa lilikuwa linapiga ukuta taratibu, upande wote sawasawa, halikuchagua fundi.

"Cyprien," alisema Sebahire, "andika vizuri. Kutoka pale kwenye bomba hadi hapa kwenye kidole, ni mimi. Kutoka kwenye kidole kwenda kule, ni Munyakazi. Hatukulala, tulijenga wiki nzima, na mvua ilitupiga. Siku zile alikuwa na homa na nilimwambia apumzike, akakataa kuniacha peke yangu. Ndiyo sababu ukuta umelala. Na kama umelala, mimi niliuona umelala, nikauacha, sababu ni rafiki yangu."

Cyprien alitafsiri bila kuacha kitu. Munyakazi aliangalia maji.

Bwana Kamba alizungusha kamba yake mukononi, akachukua muda murefu kuizungusha. Kisha alisema maneno machache. Kwamba fundi anayeona ukuta umelala, akaweza kusema ulianza kulala wapi na kwa nini, ndiye anayemutafuta. Kwamba kapita haachi ukuta ukilala kwa ajili ya urafiki. Hiyo ilikuwa mara ya mwisho. Na kwamba kila mwisho wa wiki Sebahire atakuja ofisini aseme kazi yake kwa mudomo kama alivyozoea, hata na mutarimbo akipenda, Cyprien ataandika kwenye buku, lakini hakitaingia kitu ambacho kamba haijapita.

Akapata nyumba. Nyirarukundo alishuka kabla ya maharagwe, na mutoto. Mutoto alilia wiki ya kwanza, wiki ya pili akachoka. Munyakazi hakusema na rafiki yake kwa muda murefu. Alikuja tu siku moja na kiti chake, akakaa mbele ya ile nyumba ya vyumba viwili, akaomba chakula, na Nyirarukundo akamupa. Juu ya habari ya ukuta hawakuzungumza. Ila kapita mupya alimuhamisha Munyakazi kwenye kazi ya kupaka chokaa, ambako kulala kushoto hakuonekani, na baada ya muda yule kijana akawa mupaka chokaa muzuri kuliko wote wa shantie.

Aliyepata hasara ni icyivugo. Kila wiki Sebahire alisimama ofisini, akapiga mutarimbo, na kila wiki kamba ilikata kitu. Malaika walitoka. Upepo ulitoka. Kilima cha Munigi kikarudi Munigi. Buku ilijaa, wakaongeza nyingine, na kila kilichoandikwa kilikuwa kweli. Kwenye harusi ya Léoncie, binamu yake, wazee walimuomba asimame kama zamani. Alisimama, akashika fimbo, akavuta pumzi, akasema: "Mimi, niliyesimamisha pembe ya kusini ya nyumba ya wageni, ikanyooka! Niliyeweka mulango, ukafunga!" Wazee walingoja. Alikuwa amemaliza. Mama mumoja, Nyirakamana, aliuliza kwa upole kama ni mugonjwa. Muzee Sibomana, ambaye alikuja kutoka Masisi kwa ajili ya kumusikia mukwe wake akinguruma, alitazama ndani ya kibuyu chake. Cyprien peke yake alipiga makofi.

Mimi husema hiyo ni bei ghali kwa vyumba viwili. Sebahire anasema hapana. Yuko hapa pembeni, na viatu vyake kwenye mukeka, maana nikiandika nasoma kwa sauti, na yeye amekuja kusikia kama nitamutendea haki. Mpaka sasa amekuwa mupole. Basi nimalizie na siku nyumba ya wageni ilipokwisha, siku ambayo muji wote ulikuja kuona. Bwana Kamba alivuta kamba yake kwenye ukuta wa mbele, tangu pembe hadi pembe, hakuna jiwe hata moja lililotoka nje, na yule muzungu ambaye hakuwahi kucheka wala kulia, mbele ya wote, machozi yakamujaa, akapiga magoti chini ya ukuta wa Sebahire na ku—

"Hakupiga magoti," anasema Sebahire. "Aliinama. Alikuwa anaokota kamba."